"Daktari, Nishonee Tu Mshipa": Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ligamenti za Goti

Mwezi huu peke yake nimeisikia kauli hiyo kwa mwendesha bodaboda aliyeumia kwenye mechi ya ndondo, kwa mwalimu wa michezo, na kwa baba aliyemleta binti yake mcheza netiboli. Wote watatu walikuwa wamechanika ligamenti msalaba ya mbele, yaani kamba ngumu inayounganisha fupa la paja na muundi ndani ya goti, na wote walitarajia sindano, uzi na wiki chache za kupumzika. Lawama nyingine nazielekeza kwenye neno lenyewe, kwa kuwa "mshipa" kwetu hubeba ateri, vena, neva, kano na ligamenti kwa pamoja, na anayelisikia hudhani kila kilichokatika kinaungwa kama mpira wa maji.

Ligamenti hii haikatiki kama uzi uliopitiwa na mkasi, bali hufumuka. Nikiingiza kamera ndani ya goti, mara nyingi ninachokikuta ni ncha mbili zilizochambuka kama kamba ya usumba iliyoburuzwa juu ya mwamba, na ukipitisha uzi humo hauna cha kushika. Isitoshe, ligamenti hiyo imo ndani ya kiungo, imezungukwa na ute wa goti, na ute huo huyeyusha damu iliyoganda ambayo kwingineko mwilini ndiyo daraja la kwanza la kupona. Si kwamba kushona hakukujaribiwa. Mwaka 1976, wapasuaji Feagin na Curl walichapisha matokeo ya wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliokuwa wameshonwa, na baada ya miaka 5 wengi wao walikuwa na magoti yenye matatizo. Wapo wachache wanaofaa kushonwa, hasa ligamenti inapong'oka kwenye shina lake la juu ikiwa nzima, na kwa watoto inapobandua kipande cha mfupa wa muundi, ambacho hurudishwa mahali pake kwa skrubu au uzi. Nje ya hao, tunachofanya ni kuweka pandikizi, yaani kano iliyochukuliwa mahali pengine, kwa kawaida kwa mgonjwa mwenyewe.

Nikifika hapo huwa najibiwa, "Basi funga hiyo kamba nyingine, mradi ishike." Jibu hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linachukulia kwamba mahali haijalishi, ilhali kwenye goti mahali ndiyo kazi yenyewe. Ligamenti msalaba ya mbele ina urefu wa takriban milimita 32 na upana wa kama sentimita 1. Huanzia kwenye ukuta wa ndani wa kondili ya nje ya fupa la paja (kondili ni kichwa cha mviringo kwenye ncha ya chini ya mfupa huo), nyuma kabisa, kisha hushuka kwa mshazari kuelekea mbele na ndani hadi juu ya muundi, jirani na shina la mbele la meniskasi ya nje, ile gegedo inayokaa kati ya mifupa ya goti. Ina mafungu mawili ya nyuzi, ambapo moja hukaza zaidi goti linapokunjwa na kuzuia muundi usiteleze mbele, na lingine hukaza goti linaponyooshwa na kusaidia kuzuia mzunguko. Mshazari huo ndio unaomwezesha winga kukata kona akiwa mbioni bila goti kuchomoka.

Kwa miaka mingi wapasuaji walitoboa fupa la paja kwa kupitia tundu lilelile la muundi, na kwa kuwa keekee huenda moja kwa moja, tundu la juu mara nyingi liliangukia karibu na paa la uwazi ulio kati ya kondili mbili badala ya ukutani. Pandikizi likasimama wima kama nguzo. Goti la namna hiyo linaweza kumridhisha daktari mezani, maana ukilikunja kidogo na kuvuta muundi mbele linashika, lakini mwenye goti akigeuka ghafla uwanjani linamtoka. Nimewapokea wagonjwa wa aina hiyo wakiwa wameambiwa kwamba upasuaji umefanikiwa na kwamba wao ni waoga. Tundu la chini nalo likisogezwa mbele mno, pandikizi hugonga paa kila mguu unaponyooshwa, na mgonjwa hubaki akichechemea. Ndiyo maana siku hizi wengi wetu tunatoboa paja kwa njia yake yenyewe, goti likiwa limekunjwa kiasi cha digrii 120, na kabla ya kugusa keekee tunatafuta kwanza ule ukingo mdogo wa mfupa kwenye ukuta wa kondili. Nyuzi zote za ligamenti asilia hushika nyuma ya ukingo huo, kwa hiyo tundu lililo mbele yake limekosewa.

Kabla ya yote hayo nina sharti moja ambalo wagonjwa wangu wamelichoka: goti linyooke kabisa kwanza. Kunja kanga, iweke chini ya kisigino, acha goti lining'inie, kaza misuli ya paja ukihesabu hadi 10, kisha rudia. Goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limevimba na kukakamaa lina hatari kubwa ya kutoka likiwa limekakamaa zaidi.

Wapo pia wanaodhani kila ligamenti iliyochanika ni ya kisu. Ile ya pembeni upande wa ndani iko nje ya ute wa goti na ina damu ya kutosha, kwa hiyo mara nyingi hupona kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi. Hata kwa ligamenti msalaba, utafiti wa Sweden wa vijana 121 ulionyesha kwamba, kati ya walioanza na mazoezi pekee, karibu nusu walikuwa bado hawajahitaji upasuaji baada ya miaka 5.

Kuhusu "miezi mitatu narudi uwanjani", pandikizi likishawekwa, seli zake hufa kwanza, kisha mishipa ya damu na seli mpya huingia taratibu, na katika wiki za 6 hadi 12 huwa dhaifu kuliko siku lilipowekwa. Mgonjwa, kwa bahati mbaya, huwa hasikii tena maumivu wakati huohuo. Kabla ya miezi 9 sitoi ruhusa, na kocha asinipigie simu.

La mwisho ni "X-ray imesema niko sawa." X-ray huonyesha mifupa, na ligamenti haionekani humo. Hata hivyo, itazame vizuri ukingo wa nje wa muundi kabla ya kuirudisha kwenye bahasha. Mwaka 1879, miaka 16 kabla ya X-ray kugunduliwa, mpasuaji Paul Segond wa Paris alieleza kipande chembamba cha mfupa kinachobanduka hapo goti linapopinduliwa kwa nguvu. Kikionekana kipande hicho, karibu kila mara ligamenti msalaba ya mbele nayo imekwenda, na nikikiona huwa naandika rufaa ya MRI, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hata ligamenti, kabla mgonjwa hajamaliza kukunja suruali.