Kabla hujamwacha mama pale: ninavyoikagua nyumba ya wazee

Simu nyingi ninazopigiwa siku hizi zinatoka Maskati na Dar es Salaam. Mtoto yuko mbali, mama amebaki Zanzibar, mtaa wa Ng'ambo kule Unguja au Chake Chake kule Pemba, na msichana wa kazi, na sasa mama ameanza kuanguka chooni. Jamaa wamesikia kuna mtu amefungua nyumba, anaweka wazee sita au wanane kwa malipo ya mwezi. Suali huwa moja tu: "Sista, pale pazuri?"

Sisi tulizoea kwamba nyumba za wazee ni zile za Serikali, Sebleni na Welezo kwa Unguja, Limbani kwa Pemba, na kwamba anayekaa huko ni asiye na mtu. Mtoto anayempeleka mzazi wake mahali kwa kulipa huenda na aibu, na aibu humfanya aondoke haraka. Anaona sebule safi, anasikia harufu ya udi, anatoa pesa. Naiomba aibu hiyo ikae pembeni kwa siku mbili tatu, kwa sababu kazi ya kutazama inataka muda.

Katika fani yetu ya uuguzi tunafundishwa kutazama mambo matatu, mgawanyo aliouweka daktari Avedis Donabedian mwaka 1966: vilivyopo, vinavyofanywa, na yanayompata mgonjwa mwenyewe. Jamaa wengi huishia kwenye la kwanza. Vitanda, feni, marumaru mpya. Marumaru yenyewe ikirowa inateleza kama mwani, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi harudi kutembea kama zamani. Usajili na karatasi ziulizie, ni haki yako. Lakini mimi huanza na la tatu, na huanza kwa yule aliye dhaifu kuliko wote mle ndani.

Nakumbuka nyumba moja niliyoitwa na familia. Ukumbini wazee wanne wamevaa vizuri, wanazungumza. Nikauliza kama yuko asiyeinuka. Yuko, chumba cha nyuma. Nikaomba ruhusa yake na ya jamaa zake, nikafunua shuka miguuni. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimeshafunguka.

Vidonda vya kulala huanzia pale mfupa ulipokaribiana na ngozi: visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio. Vitabu vinasema tafuta wekundu usioondoka ukibonyeza. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo natumia vidole: pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pamelegea, rangi imezidi kukoza, au mwenyewe anashtuka ukimgusa. Mtu asiyeweza kujigeuza tunamgeuza takriban kila saa mbili, usiku na mchana, visigino vikiinuliwa visigusane na godoro. Mtu mzima asiyejiweza anageuzwa na watu wawili. Akiburutwa na mmoja, ngozi inachubuka. Sasa hesabu mwenyewe. Nyumba ina wazee wanane, wawili wao hawajigeuzi, na anayelala zamu ni kijana mmoja. Hata awe na imani kiasi gani, hawezi.

Ndiyo maana nasema usiende mchana tu. Nenda baada ya Isha, bila ya kuaga mapema, ubishe hodi. Nyumba njema itakufungulia, hata kama itakuomba usubiri kidogo wazee wavae. Uliza daftari la zamu. Nimewahi kushika daftari saa 3 usiku nikakuta alama za kumgeuza mzee zimetiwa mpaka alfajiri, wino mmoja, mwandiko mmoja. Siku ile sikuuliza tena kitu.

Maji nayo. Kiu hupungua umri unapokwenda, na wakati wa kaskazi mzee anaweza kukauka huku anakwambia hataki kitu. Yapo mahali wanapobana maji makusudi ili kitanda kisirowe na pampasi zisiishe. Utaliona kwenye ulimi mkavu, mkojo wa rangi ya chai, na mzee aliyekuwa na fahamu zake jana leo hakujui. Wengi husema ni uzee. Mara nyingi ni maji, au homa iliyojificha kwenye njia ya mkojo, na vyote vinatibika. Ramadhani ikikaribia, uliza daktari gani anapanga dawa za sukari na presha kwa wazee wanaotaka kufunga, kwa sababu watataka, hata walioambiwa wasifunge.

Chakula sina mengi ya kusema: kaa uone wakilishwa. Bibi asiye na meno anataka mchuzi wa chukuchuku uliopondewa ndizi, na mtu wa kukaa naye nusu saa. Sahani ikiondolewa imejaa, kilo zitasema. Aliyeingia na kilo 60 akipoteza 3 ndani ya mwezi, hiyo ni dalili ya kumwita daktari. Mpime siku ya kwanza, uandike.

Ukikuta saa 4 asubuhi wote wamelala usingizi mzito, omba kuona dawa wanazopewa, moja moja, na nani aliziandika.

Sikiliza wanavyoitwa. Bi Mwana, mzee Hamadi, babu. Au "yule wa kitanda cha mwisho"? Mwanamke anaoshwa na mwanamke, mlango umefungwa? Aliyelala anasaidiwa kutia udhu au kutayamamu, na anajua kibla kiko wapi? Kwa mtu aliyeswali miaka 60, hilo ni tiba kama tiba nyengine.

Na pesa. Pensheni jamii ya Serikali ya Zanzibar, iliyoanza kulipwa Aprili 2016 kwa wazee waliofika miaka 70, ni ya mzee mwenyewe. Uliza nani anaipokea na inaandikwa wapi.

Nyumba ya wazee wachache ina neema yake: mwenye nyumba anajua nani hali pilipili na nani analia ikifika Magharibi. Udhaifu wake uko hapo hapo, kila kitu kinamtegemea mtu mmoja au wawili. Mwulize mwenyewe: "Wa zamu akiugua leo, anakuja nani?" Nataka anitajie jina.

Dada aliyenipigia juzi kuhusu shangazi yake kule Wete nimemwambia asilipe bado. Ndugu yake atakwenda Alkhamisi baada ya Isha, na atakaa mpaka zamu ya usiku ianze.