PPIA: enzaimu inayokunja protini na dawa inayoigeuza kazi

Leo niongelee saiklofilini A, enzaimu inayotengenezwa kwa maelekezo ya jini (jeni, kipande cha DNA) iitwayo PPIA, maana naona hata wanafunzi wa baiolojia wa mwaka wa mwisho wanaelezwa kwamba saiklosporini, dawa ya waliopandikizwa viungo, inatuliza kinga ya mwili kwa kuizuia hii enzaimu isikunje protini. Sio hivyo kabisa, na ukweli wenyewe ni mtamu zaidi.

Protini ikitoka kwenye raibosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, ni uzi tu wa amino asidi, haina kazi mpaka ijikunje ipate umbo lake. Kero iko kwa prolini, mojawapo ya hizo amino asidi. Kifungo cha kikemia kinachotangulia prolini kinaweza kukaa pande mbili tofauti, na kikikaa vibaya kugeuka chenyewe ni kama bawaba iliyoshika kutu, kinaweza kuchukua sekunde nyingi hata dakika nzima, sasa kwa seli huo ni muda mrefu mno. Saiklofilini A inakigeuza chapchap, wala haitumii ATP, yaani nishati ya seli.

PPIA iko kromosomu ya 7, protini yake ni fupi, amino asidi 165 tu, na imejaa kwenye seli karibu zote za mwili, ndio maana maabara nyingi zinaitumia kama jini ya kulinganishia kwenye qPCR, kipimo cha kuona jini inatumika kiasi gani. (Ila kuweni makini jamani, jenomu yetu ina nakala nyingi za PPIA zilizokufa na hazina introni (vipande vinavyokatwa RNA inapoandaliwa), hivyo kipimo kinazichanganya na RNA halisi, kwa hiyo RNA yako ikibaki na DNA kidogo tu majibu yanaharibika.)

Mwaka 1984 timu ya Robert Handschumacher iliipata kama protini inayoshikana na saiklosporini, dawa iliyotokana na fangasi wa udongoni na ambayo wakati huo ilishaanza kutumika kwa waliopandikizwa figo. 1989 ndio ikajulikana kwamba ni ileile enzaimu ya prolini, basi wengi wakaona jibu limepatikana, dawa inaziba enzaimu, kinga inashuka. Lakini 1991 maabara ya Stuart Schreiber ikaonyesha kwamba dawa na saiklofilini zikishashikana, zote mbili kwa pamoja zinaenda kuikaba protini nyingine kabisa, kalsinyurini, na bila kalsinyurini seli T, askari wa kinga, haziwashi jini ya IL-2, ishara ya kuziamsha zizaliane. Yaani enzaimu haijazimwa tu, imepewa kazi mpya ambayo haikuwa yake! Na panya walioondolewa jini hii wanaishi, halafu ukiwapa saiklosporini kinga yao haishuki kama ya wenzao, kwa sababu dawa haina wa kushikana naye. Mimi kwangu huo ushahidi unatosha.

Virusi nao wanaijua. Kapsidi ya HIV, yaani ganda lake la protini, inajishikiza kwa saiklofilini A, na ndani ya seli zetu hiyo inaikinga isinaswe na TRIM5alfa, protini yetu ya kupambana na virusi. Virusi vya homa ya ini C navyo vinaihitaji ili vizaliane, ndio maana ikatengenezwa alisporivir, ndugu wa saiklosporini anayeshika saiklofilini bila kuigusa kalsinyurini, kinga ya mgonjwa ikabaki salama.