Wati 8 za valvu zinatosha, ukijua kuchagua spika

Wiki hii peke yake wateja watatu wamesimama mezani pangu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, na neno lilelile: "Fundi, hii amplifaya ya valvu, ya vichupa vya kioo vinavyowaka, ni wati 8 tu, si ni ya kupamba sebule?" Nimejibu mpaka koo limekauka.

Wati si sauti. Geuza spika usome desibeli zake, yaani sauti inayotoa ikipewa wati 1, ikipimwa mita 1 mbele yake. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 8 hufika 105, na katika fleti za mtaa wa Umoja jirani atakuwa ameshagonga ukuta. Zile ndogo za kuweka kwenye rafu, za desibeli 86, zinataka wati 80 kufika hiyo 105. Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai wati maradufu. Desibeli 10, mara kumi. Mmoja wa wale watatu alikuwa ameiunganisha valvu yake na spika za 86. Nikamtolea jozi kuukuu ya spika zenye wufa (koni kubwa za besi) za inchi 12, rumba ileile, sauti haijafika nusu. Alinyamaza hadi wimbo ukaisha. Na alikuwa karibu kuiuza kwa bei ya kutupa! Iliniuma.

Halafu kuna omu, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. "Omu 8" iliyoandikwa nyuma ya spika ni makadirio tu. Nyingine huteremka hadi 4 au chini yake zikipiga besi. Amplifaya nzuri ya transista, yaani isiyo na valvu, haiyumbi sana. Valvu huyumba nazo, besi ikalegea. Mimi humwambia kila mtu atafute spika ambayo omu zake hazirukiruki, kisha aiunge kwenye tapu yake, yaani tundu la omu zake nyuma ya amplifaya, iwe 4, 8 au 16.

Kuna na mengine ninayoambiwa hapa mezani. "Amplifaya kubwa itachoma spika." Ukiikazia, ndiyo. Lakini nyingi ninazoletewa zimechomwa na ndogo iliyosukumwa hadi mwisho: vilele vya wimbi vinakatwa, joto linapanda, twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inakwenda kwanza.

"Boksi limeandikwa wati 5000." Soma nyuma inavuta umeme kiasi gani. Ikivuta wati 60, hizo 5000 zitatoka wapi?

"Nikichomoa spika, valvu inapumzika." La, jamani! Valvu isipigwe kamwe bila spika, transfoma ya kutolea sauti itaungua. Transista huvumilia kukosa spika. Isichovumilia ni nyaya za spika kugusana, kwa hiyo zima kwanza ndipo uziguse.