Kabla ya kumlaumu mpiga kura, itazame karatasi

Kila uchaguzi ukiisha hutangazwa idadi ya kura zilizoharibika, na kila mara sababu inayotolewa ni ileile: wananchi wanahitaji elimu ya mpiga kura. Mimi kazi yangu ni kusanifu karatasi za kura na fomu za uchaguzi, na jibu hilo siliafiki hata kidogo. Mtu anayetuma pesa kwa simu na kujaza fomu za benki haachi akili zake nyumbani siku ya kupiga kura. Akikosea mmoja, ni bahati mbaya. Wakikosea maelfu, tena kosa lilelile, kwenye mstari uleule, ujue walioandaa karatasi ndio wenye la kujibu.

Mfano tunaoufundishia sote katika fani hii ni wa kaunti ya Palm Beach, jimbo la Florida, Marekani, mwaka 2000. Wagombea urais walikuwa wengi, na ofisi ya uchaguzi ilitaka herufi ziwe kubwa ili wazee wasome bila taabu. Nia njema kabisa. Lakini majina hayakuenea ukurasa mmoja, kwa hiyo yakagawanywa mengine kushoto, mengine kulia, na matundu ambayo mpiga kura hutoboa moja kumchagua mtu wake yakapangwa katikati kwa safu moja. Upande wa kushoto George W. Bush alikuwa wa kwanza, Al Gore wa pili. Sasa tazama matundu: la kwanza la Bush, la pili la Pat Buchanan, mgombea wa chama kidogo, aliyekuwa juu upande wa kulia, la tatu ndilo la Gore. Mpiga kura wa Gore aliyesoma ukurasa wa kushoto toka juu kwenda chini alimwona mtu wake ni wa pili, akatoboa tundu la pili. Buchanan akaokota zaidi ya kura 3,000 hapo, na mwenyewe akakiri hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Wengine walishtuka wakatoboa na la tatu. Zaidi ya karatasi 19,000 za kaunti hiyo zilikataliwa kwa kuwa na alama zaidi ya moja. Bush alilichukua jimbo kwa tofauti ya kura 537, na kwa jimbo hilo akaupata urais.

Ungedhani jimbo hilo lilikoma. Mwaka 2018, kaunti jirani ya Broward iliweka maelekezo marefu kwenye safu ya kushoto, na chini yake kabisa, mwisho wa safu, ikachomeka kinyang'anyiro cha useneta. Jicho la msomaji likishaona ni maelekezo, linaruka hadi juu ya safu inayofuata. Kura za useneta katika kaunti hiyo zilipungua kwa zaidi ya 20,000 zikilinganishwa na za ugavana, na kiti chenyewe kikaamuliwa jimbo zima kwa kura kama 10,000. Ndiyo maana mimi huweka kila elekezo mahali linapohitajika, sentensi moja au mbili, wala sikubali wagombea wa nafasi moja wagawanywe safu mbili.

Si kila nchi ilianza na maandishi. India, tangu uchaguzi mkuu wake wa kwanza mwaka 1951 na 1952, ilimpa kila mgombea alama ya picha, kwa kuwa wengi wa wapiga kura hawakujua kusoma. Gambia kwa miongo mingi imetumia gololi: kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha, unadondosha gololi, kengele inalia mara moja, na wote waliopo wanajua umepiga kura moja tu. Mpango huo naupenda kuliko mashine nyingi nilizoonyeshwa na wauzaji wenye suti.

Kwenye kura za maoni, tatizo huwa ni swali lenyewe. Jaribu hili: "Je, unakubali kufutwa kwa sheria inayozuia kodi mpya?" Anayeichukia kodi ajibu ndiyo au hapana? Msomi atatulia, atahesabu vikanushi vyake, na bado anaweza kukosea akiwa kwenye kituturi huku foleni inamsubiri. Uingereza, kabla ya kura ya mwaka 2016 kuhusu uanachama wa Umoja wa Ulaya, tume yao ya uchaguzi ilipendekeza "ndiyo" na "hapana" ziondolewe, na majibu yakawa kubaki au kuondoka. Tiba ni hiyo: jibu lenyewe liseme linachofanya.

Kwa wasioona, mara nyingi ufumbuzi si ghali. Jalada la nukta nundu lenye nafasi zilizokatwa mbele ya kila mgombea humwezesha mtu kuweka alama yake bila kumnong'oneza karani jina. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 29, unadai kura yake iwe ya siri kama ya mwingine yeyote, na kama anataka msaidizi, amchague mwenyewe. Jalada lisilolingana na karatasi ni hatari kuliko kukosa jalada, kwa hiyo lipimwe juu ya karatasi iliyokwisha kuchapwa, lisipimwe juu ya mchoro wa kompyuta.

Haya yote hugunduliwa kwa kujaribu, na kujaribu hakuhitaji maabara. Mpe mtu karatasi yenye majina ya kubuni, mwambie ampigie fulani, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Kidole kikisita mahali, andika. Asikuombe radhi, wewe ndiye unayetahiniwa. Wachache tu wanatosha kufichua makosa makubwa, mradi wasiwe wafanyakazi wa ofisi yako, maana hao wanajua tayari mlichokusudia.

Tume huniambia hakuna muda, orodha ya wagombea hufungwa siku chache kabla ya kuchapisha. Kweli. Lakini kiolezo, yaani mpangilio wa karatasi kabla ya kutiwa majina, hakihitaji kuisubiri orodha. Kijaribuni miezi kadhaa mapema, mkijaze majina marefu kupita kiasi na wagombea wengi kadiri sheria inavyoruhusu, kwa sababu kiolezo kinachopendeza kikiwa na wagombea wanne huanza kuvunjika wakifika kumi.