Soweto haikuanzishwa na serikali ya makaburu peke yake

Wengi hudhani Soweto, kusini-magharibi mwa Johannesburg, ni kazi ya serikali ya ubaguzi iliyoingia madarakani 1948. Jina ndilo la 1963. Mtaa wa Orlando, ambao leo ni sehemu ya Soweto, ulikuwepo tangu miaka ya 1930, na aliyeisukuma manispaa kuupanua ni James Mpanza, kiongozi wa chama cha Sofasonke.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda viliita wafanyakazi, lakini ujenzi wa nyumba ulikwama. Wapangaji wakarundikana vyumbani mwa wenzao. Machi 1944 Mpanza aliongoza familia kuvuka hadi kiwanja kitupu cha manispaa, wakasimamisha vibanda vya magunia, mbao na mabati chakavu. Hesabu yake ilikuwa kali: kwa sheria ya 1923, makazi ya Waafrika mjini yalikuwa mzigo wa manispaa. Ikabidi ijenge vibanda vya muda vya matofali.

Mwaka 1946 serikali ilijaribu kumhamishia Mpanza mkoa wa Natal kwa nguvu. Akakata rufaa, akashinda. Hakuwa malaika: aliwahi kufungwa kwa mauaji, na alitoza wakazi ada. Pengine ndiyo maana anatajwa kwa nadra, ingawa wakazi walimwita Meya wa Orlando.