Mchochota: neno linalokosekana tunapozungumzia chango

Ukitaka kuujua mchochota, tazama vidole vya mama anayebangua korosho. Mama yangu mdogo kule Newala alibangua barazani miaka mingi, kisahani cha majivu pembeni ya kuchovya vidole, na bado mafuta ya ganda yalimpata. Ngozi inapata joto, inatutumka, inauma hata kushika kikombe cha chai. Hapo hakuna jipu wala kitu cha kukatwa. Ni mwili unajilinda: mishipa midogo ya damu inatanuka, maji na chembe za ulinzi vinamiminika mahali palipodhurika, na kemikali zinazotoka hapo zinaamsha neva za maumivu. Huo ndio mchochota. Wengine husema mcharuko.

Nalishikilia neno hili kwa sababu tukiuita "uvimbe" tunapotea. Binti ana chango, yaani maumivu ya tumbo ya hedhi, la kumlaza chini kila mwezi, anasafiri hadi mjini kupiga ultrasaundi, anaambiwa "hakuna uvimbe", anarudi nyumbani na aibu kama aliyekutwa anadanganya. Hakudanganya. Endometriosisi ni hali ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye mirija, ovari, hata juu ya utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria inawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190. Madoa yake ya juujuu mara nyingi hayaonekani kwenye ultrasaundi. Yanachochota tu, na yanauma.

Sasa kuna fumbo. Kwa wanawake wengi sana, damu kidogo ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kuingia tumboni, na inadhaniwa ndiyo inayozibeba tishu hizo. Mbona si wote wanaougua? Rudi barazani. Wanawake wawili wanabangua kutoka kikapu kimoja; mmoja anaosha mikono na kwenda kupika, mwingine analala mikono inawaka. Mafuta ni yale yale, miili ndiyo inayoyapokea tofauti. Tofauti kama hizo nyingine tunazaliwa nazo.

Hapa ndipo vinasaba vina uzito. Mtu akishaumwa, ukakuta mchochota tumboni mwake, huwezi kujua kama ndio ulioanza au umeletwa na ugonjwa. Lakini vinasaba hupangwa siku mimba inapotungwa, na ugonjwa hauji baadaye kuvibadilisha. Kwa hiyo alama za vinasaba zikionekana zaidi kwa wagonjwa kuliko kwa wazima, zinatuelekeza kwenye chanzo.

Mwaka 2023 watafiti walichapisha ulinganisho wa wanawake 60,674 wenye endometriosisi na watu 701,926 wasio nayo, wakapata sehemu 42 za vinasaba zinazohusiana nayo. Baadhi ya vinasaba hivyo vinahusika na homoni, na lazima niseme hivyo, maana mchochota haufanyi kazi peke yake. Lakini utafiti huo ulionyesha pia kuwa endometriosisi ina baadhi ya vinasaba vya pamoja na kipandauso, maumivu ya mgongo na pumu, ambayo nayo ni ugonjwa wa mchochota. Mapema zaidi, alama zilikwishaonekana karibu na jeni ya intaleukini-1, protini ambayo chembe za ulinzi huitumia kuitana. Na mwaka 2021 kundi lililohusisha Chuo Kikuu cha Oxford lilionyesha uhusiano na jeni iitwayo NPSR1 katika familia za wagonjwa na katika kima; walipoizuia protini yake kwa panya, mchochota na maumivu ya tumbo vilipungua. Panya si binadamu, dawa bado. Ila mlango umeonekana.

Linaloniuma ni kwamba wengi wa wanawake wa ulinganisho ule wa 2023 wana asili ya Ulaya, na wengine Asia Mashariki. Mwanamke wa Nachingwea au Tandahimba hamo katika hesabu hiyo, na bado hakuna kipimo cha vinasaba kinachokubalika kwa jumla cha kutambua ugonjwa huu.

Kilichopo ni historia ya ukoo. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya tofauti ya nani anaupata inatokana na urithi. Basi ukifika kliniki, usiishie kusema "tumbo linauma". Sema linaanza siku ngapi kabla ya hedhi, kama linauma ukienda haja au wakati wa tendo la ndoa, na kwamba mama, dada au mama mdogo naye lilikuwa likimlaza chini.