Mbwa Anayelala na Kondoo: Namna ya Kumlea Mlinzi wa Kundi

Kondoo akikutwa amekufa malishoni, wengi humtaja fisi kabla ya kumtazama kondoo mwenyewe. Mchune ngozi ya shingo na mabega. Ukikuta matundu ya meno yamezungukwa na damu iliyovilia, aliumwa akiwa hai. Matundu yakiwa makavu na nyama safi, alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa, kwa nyoka au kwa njaa, na aliyemtafuna alipita tu akajipatia mlo wa bure. Ila mzoga unaotoa damu nyeusi isiyoganda puani au mkunduni, tena haukakamai, usiuguse wala usiuchune. Huenda ni kimeta. Mwite afisa mifugo.

Alama zenyewe husema aliyeua ni nani. Chui, duma na simbamangu (aina ya paka mwitu) hubana koo. Chui huuburuta mzoga kwenda kichakani au huupandisha mtini, duma humla palepale. Mbweha huuma chini ya taya, hufungua tumbo kwa ubavuni na hupenda zaidi wanakondoo. Fisi haachi kitu, hata mifupa huvunja. Ukikuta kondoo sita wameraruliwa mapaja, masikio na mikia, na hakuna aliyeliwa akaisha, hao ni mbwa wasio na mwenyewe, pengine hata mbwa wa jirani.

Uchunguzi huu unahitajika kwa sababu mbwa mlinzi hatibu kila kitu. Kwa mbweha, simbamangu, duma na mbwa wazururaji anafaa sana. Kwa chui na fisi anapunguza hasara, hasa usiku akiwa na watu karibu. Kwa simba kazi yake ni kubweka tu ili watu waamke. Mfugaji anayetarajia mbwa apigane na simba atampoteza mbwa na kondoo pia.

Utafiti uliofanywa Laikipia, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maboma yaliyovamiwa mara chache zaidi yalikuwa yale yenye uzio madhubuti, watu wengi na mbwa walio macho. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund lililo karibu na Otjiwarongo limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa jamii ya Anatolia kutoka Uturuki tangu mwaka 1994, ili kondoo na mbuzi wapone na duma wasipigwe risasi. Botswana walijaribu njia ya gharama ndogo: wakachukua mbwa wa kienyeji, wa kawaida kabisa, wakawalea pamoja na mifugo tangu utotoni. Walifanya kazi vizuri. Hilo ni somo kubwa kwetu, kwa sababu mbwa wa Anatolia hufikia kilo 45 na zaidi, na chakula chake ni karibu maradufu ya cha mbwa wetu wa kilo 20.

Ukali sio unaomfanya mbwa awe mlinzi. Mbwa mkali aliyefungwa mnyororo mlangoni hulinda mlango. Mbwa wa kuswaga, anayewazungusha kondoo huku na huko, naye ana kazi nyingine. Mlinzi wa kundi ni mbwa aliyekua akidhani kondoo ni jamaa zake, kwa hiyo hukaa nao, hulala nao, na kitu kigeni kikija husimama kati ya kitu hicho na kondoo akabweka. Mara nyingi hiyo inatosha. Mnyama wa porini akijeruhiwa mguu hawezi tena kuwinda, kwa hiyo hukwepa ugomvi asio na uhakika nao. Kukata masikio na mkia, kama wengi wanavyofanya, hakuongezi chochote zaidi ya kidonda.

Dhana hiyo ya ujamaa huingia akilini mwa mbwa kati ya wiki ya 3 na ya 16 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo mlango unakuwa umefungwa, na mbwa mkubwa aliyekulia nyumbani ni nadra sana kubadilika. Mchukue akiwa na wiki 7 au 8, baada ya kuacha kunyonya. Chagua mtoto ambaye mama yake anakaa na mifugo, na ukiweza aliyezaliwa zizini. Katika wale watoto, mwache anayeng'ang'ania kuuma na kufukuza, mwache pia anayejificha pembeni akitetemeka. Mtulivu anayekuja kunusa kisha akalala ndiye wako. Usichukue ndugu wawili kwa mpigo: watacheza wao kwa wao na kondoo watakuwa wapita njia tu.

Ndani ya zizi tenga kichumba cha kama mita 3 kwa 3, uweke humo kondoo wanne hadi sita wapole walioachishwa kunyonya. Kwenye kona moja jenga kijificho cha mbao chenye tundu ambalo mtoto wa mbwa anapita na kondoo hapiti. Humo awekewe chakula na maji. Bila kijificho hicho mambo mawili huharibika: kondoo humlia chakula chake chote, na jike mkali humpiga vichwa hadi akawaogopa kondoo maisha yake yote. Mbwa anayewaogopa kondoo hakai nao.

Watu nao wawe na kiasi. Anayemlisha amshike kila siku, amguse miguu, masikio na mdomo, amzoeshe mkanda wa shingoni na kamba, ili akikua aweze kushikwa na kuchanjwa. Baada ya hapo amwache. Watoto wa nyumbani wasimbebe kumpeleka jikoni. Akitoroka zizini kuja mlangoni kwako, usimpe kitu wala usimchekee. Mrudishe kimya kimya. Makombo mawili tu anayotupiwa mlangoni yanatosha kumfundisha kwamba mlo uko kwa binadamu.

Chakula ndicho kinachowaangusha wafugaji wengi. Ugali mtupu unamshibisha mbwa ila haumjengi, na mbwa mwenye njaa ataondoka kwenda kuwinda sungura na digidigi, na kundi litabaki peke yake. Mbwa wa kilo 20 anayetembea na kundi kutwa anahitaji kwa siku unga wa mahindi robo kilo uliopikwa ugali laini, dagaa wakavu gramu 100 hivi na kijiko cha mafuta, pamoja na maji safi muda wote. Maziwa ya mgando yakiwepo yaongezwe. Mtoto alishwe mara nne kwa siku hadi miezi mitatu, kisha mara tatu, na akifika miezi sita mara mbili. Mpapase mbavu kila wiki: zikipapasika kwa urahisi bila kuonekana kwa macho, yuko sawa. Alishwe zizini, asubuhi kabla ya kutoka na jioni baada ya kurudi.

Akiwa na miezi minne au mitano aanze kutoka na mchungaji wakati wa ubaridi wa asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili, kisha arudi. Ongeza muda kadiri anavyokua. Asiachwe malishoni peke yake na kundi kabla ya kufika mwaka mmoja na nusu. Na hata akikomaa, mchungaji abaki. Mbwa hufanya kazi vizuri zaidi akijua mtu yuko karibu, na mtu hulala kidogo akijua mbwa yuko macho. (Kidogo tu, bila shaka.)

Kati ya miezi 6 na 18 tegemea utundu. Atakimbiza wanakondoo, atatafuna masikio yao, atavuta manyoya ya mgongoni. Wengi hapo humwita mbwa mbaya na kumwua. Anacheza kama angecheza na mbwa mwenzake, ila ngozi ya kondoo haistahimili meno. Mwondoe kwa wanakondoo, mhamishie kwa dume la kondoo na majike wazee. Hao hawana mchezo na watamfunza adabu kwa vichwa. Ukimkuta kwenye kosa, mkemee papo hapo kwa neno moja lile lile. Ukimkemea nusu saa baadaye hajui unalolisema. Akiendelea kukimbiza, mtundike kwenye mkanda kipande cha mti cha urefu wa sentimeta 40, kining'inie usawa wa magoti. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga magoti. Kitumike mchana tu na mtu akiwepo, kwa sababu kinaweza kunasa vichakani. Fimbo haisaidii: mbwa anayepigwa karibu na kondoo hujifunza kuwa kondoo huleta maumivu.

Hasi madume yote, na majike usiyotaka yazae, kati ya miezi 6 na 9. Jike akiingia joto, kila dume la kijiji litakuwa zizini kwako, na walinzi wako wataacha lindo. Kundi la kondoo mia moja kwenye uwanda wazi linatoshwa na mbwa mmoja au wawili; penye vichaka na fisi weka watatu, wa umri tofauti. Penye chui, mbwa walale ndani ya zizi lenye uzio mrefu kwa sababu chui humpenda mbwa kuliko kondoo. Waturuki huwavalisha mbwa wao mkanda wenye miiba ya chuma dhidi ya mbwa mwitu wa huko, na hapa mkanda mpana wa ngozi unaweza kumwokoa mbwa aliyekamatwa shingoni.

Kuna hatari moja ambayo haitajwi vya kutosha: mbwa mlinzi anaweza kuwaua kondoo bila kuwauma. Tegu wa aina moja (mnyoo bapa) anayeishi tumboni mwa mbwa hutaga mayai yanayotoka na kinyesi, kondoo huyala pamoja na majani, na ndani ya ubongo wa kondoo hukua mfuko wa maji. Kondoo huanza kuzunguka upande mmoja, huinamisha kichwa, hugonga miti, kisha hufa. Wamaasai huuita ugonjwa huo wa kuzunguka ormilo. Mfugaji humchinja kondoo huyo, hupasua kichwa na kumtupia mbwa ubongo, na mzunguko huanza upya. Tegu mwingine, mdogo kuliko punje ya mchele, huweka mifuko ya maji kwenye maini na mapafu ya kondoo, na kwa binadamu pia. Turkana, Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa wingi wa wagonjwa wa aina hiyo.

Kwa hiyo mbwa asipewe kamwe kichwa, maini wala mapafu mabichi. Chemsha vipande vidogo kwa nusu saa kamili, au choma moto, au zika chini ambako mbwa hafukui. Mpe prazikwanteli, dawa ya tegu, kila baada ya wiki sita, kwani huo ndio muda tegu mchanga anaohitaji kabla ya kuanza kutaga. Kidonge cha kawaida cha miligramu 50 kinatosha kilo 10 za uzito, hivyo mbwa wa kilo 20 hupata viwili. Mfunge siku mbili baada ya dawa, uchome kinyesi chake, kwa sababu dawa huua mnyoo na kuyaacha mayai yakiwa hai. Nawa mikono kwa sabuni kila umgusapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ianze akiwa na miezi mitatu, irudiwe kila mwaka. Chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, ianze wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Mwaka 1994 distempa iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walitajwa kuwa chanzo. Anayeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa huyo anamfahamu.

Wengine huuliza kuhusu punda. Punda anachukia wanyama wa jamii ya mbwa kwa asili: hulia kwa sauti, humfukuza mbweha na kumpiga mateke. Tumia jike au dume aliyehasiwa. Dume kamili anaweza kumng'ata mwanakondoo shingoni na kumrusha. Weka mmoja kwa kundi, kwa sababu wakiwa wawili watakaa pamoja na kuwasahau kondoo. Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo atenganishwe nao kwa uzio tu, wazoeane. Msimu wa kuzaa mchunguze, na akiwasumbua wachanga mtoe. Chakula cha madukani chenye monensini (dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo), ambacho ng'ombe na kondoo hula bila shida, humuua punda. Penye simba au fisi wengi usimtegemee kabisa, kwani huko punda ni kitoweo. Na usimchanganye na mbwa mlinzi kabla hawajazoeana tangu mbwa ni mtoto. Kwa punda, mbwa ni mbwa.

Andika kwenye daftari kila kondoo aliyepotea: tarehe, mahali, saa, alama za shingoni. Baada ya mwaka utajua kama mbwa analipa gharama ya dagaa wake, na utajua pia ni wangapi uliokuwa ukimsingizia fisi.

Mbwa akifika miaka sita, leta mtoto mwingine zizini wakati mkubwa bado ana nguvu. Mdogo atamfuata, atajifunza wapi kundi hunywa maji, kichaka kipi cha kubwekea na mtu gani ni wa nyumbani, mambo ambayo wewe ungechukua mwaka mzima kumfundisha.